Ufukizo

Meza ya bibi ilifika Fremantle Jumanne,
chali ndani ya kontena la familia sita,
kati ya piano ya mtu na magodoro ya mtu,
miguu juu, kama mbuzi aliyekubali.

Nilikuwa nimelipa meli. Nimelipa bima.
Nimelipa hata zile mbao za kuikingia,
zenye muhuri kwamba zimeokwa na wadudu wake wamekufa,
maana mbao inayolinda mbao nayo hutakiwa cheti.
Nikadhani nimemaliza.

Wakala wa forodha, Bwana Petkovski, akapiga simu saa mbili asubuhi.
Wameona matundu, akasema.
Mangapi?
Mawili. Na unga.

Unga! Bibi Idalina alikandia mkate juu ya meza ile
miaka arobaini na mitatu.
Mlitaka wakute nini, mchanga?

Ikafuata ankara.
Ada ya ukaguzi, ada ya kuhamisha,
ada ya ghala kwa siku: Jumamosi ni siku, Jumapili ni siku,
na sikukuu, ghala likiwa na kufuli, nayo ni siku.
Gesi hupimwa kuanzia mita kumi za ujazo;
meza yangu haifiki hata moja,
kwa hiyo nafukiziwa mita tisa za hewa tupu.
La sivyo irudi Madeira, kwa gharama yangu.
La sivyo ichomwe moto,
kwa gharama yangu.

Kaka yangu Graciano alijumlisha nyuma ya bahasha,
akajumlisha tena.
"Kwa hela hizi wanakupa meza nne, mpya, na viti vyake.
Dada, kamba imempita ng'ombe bei."

Nikaenda mwenyewe.
Mkaguzi alikuwa binti mdogo, Tamsin, koti la rangi ya chungwa,
tochi mdomoni, amelala sakafuni chini ya mwaloni wetu.
Akanionyesha kwa ncha ya penseli.
Nikayajua papo hapo.

Nilikuwa na miaka minane, nimejificha pale pale, na bikari ya shule.
Juu yangu wakubwa wanagawana watoto:
nani aende Australia na baba, nani abaki na bibi.
Kila walipotaja jina langu nilidunga ubao.
Walilitaja mara mbili.

"Matundu haya ni yangu," nikamwambia Tamsin.
Hakucheka. Alitazama karatasi yake, juu, chini, nyuma.
"Hapa hapana mahali pa kuandika hivyo," akasema.
Kisha, taratibu: "Na unga?"

Sikuwa na la kujibu.

Kwetu, padre huzunguka jeneza akilifukiza ubani,
mnyororo wa chetezo ukilia tik, tik,
na moshi hupanda pamoja na jina la mtu.
Bibi alipozunguka hivyo mimi nilikuwa huku,
nahesabu nauli, naona haitoshi.
Haitoshi, nikamwandikia Graciano, kana kwamba yeye hajui.

Basi nikatoa kadi, nikalipa.
Nikalipa mita kumi zote.
Saa ishirini na nne meza ikakaa chini ya turubai,
na gesi isiyo na harufu
ikapita penye alama za visu, penye duara la sufuria,
penye kila kitu alichokigusa.

Ijumaa Graciano akaibeba ngazi zote tatu, hasemi neno.
Tukaipindua barazani ili ipigwe na upepo.
Nikatia kidole kwenye tundu langu la kwanza,
nikatia kwenye la pili,
na hapo ndipo, karibu na kiungo cha mguu,
nikaona la tatu
ambalo si mimi wala Tamsin tuliyelihesabu.

Nikagonga. Akadondoka fukusi,
hazidi punje ya ufuta, miguu ameikunja kifuani
kama aliyelazwa na watu wake.

Kumbe tulikuwa wengi chini ya meza.

Graciano akachuchumaa, akamtazama muda mrefu.
"Huyu," akasema, "ndiye aliyekula zile hela."
Kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa cha meza.